Metropolis, kampuni changa iliyomnunua mkubwa wake

Oktoba 2023 wafuatiliaji wa soko la hisa la Nasdaq walipata habari ambayo bila shaka wengi waliisoma mara mbili. SP Plus, kampuni ya kuendesha maegesho ya magari ambayo historia yake inaanzia Chicago mwaka 1929, ilikuwa imekubali kununuliwa kwa takriban dola bilioni 1.5 za Marekani. Mnunuzi alikuwa Metropolis, kampuni ya teknolojia ya Los Angeles iliyoanzishwa mwaka 2017, ambayo jina lake lilikuwa geni hata kwa baadhi ya madereva waliokuwa wakiegesha kwenye maeneo yake. Kila hisa ililipiwa dola 54, bei iliyopita kwa zaidi ya nusu ile iliyokuwa sokoni kabla ya tangazo.

Tumezoea hadithi ya upande wa pili. Vijana wanaandika programu, inapendwa, kampuni kubwa inakuja na fuko la fedha, vijana wanakuwa matajiri na programu inapotelea ndani ya tumbo la mnunuzi. Hapa mdogo ndiye aliyemeza mkubwa, tena mkubwa mwenye maelfu ya wafanyakazi, mikataba ya viwanja vya ndege na viwanja vya michezo, na karibu karne nzima ya kusimama getini akipokea hela za watu. Wasimamizi wa ushindani wa kibiashara waliuchunguza mpango huo kwa miezi kadhaa, na Mei 2024 ukakamilika. Kampuni iliyotoka hapo ikawa na maeneo zaidi ya 4,000 na wafanyakazi zaidi ya 20,000.

Ili kuelewa ilivyowezekana, tumwangalie kwanza mwanzilishi wake, Alex Israel. Hakuwa mgeni wa maegesho. Mwaka 2009 alishiriki kuanzisha ParkMe huko Santa Monica, jirani na Los Angeles. Kazi ya ParkMe ilikuwa kukusanya taarifa: maegesho yako wapi, yanatoza kiasi gani, yana nafasi au yamejaa. Taarifa hizo ziliuzwa kwa watengenezaji wa magari na wa ramani za kidijitali. Mwaka 2015 kampuni ya INRIX, inayoshughulika na takwimu za foleni za barabarani, ikainunua.

Ilikuwa biashara nzuri, lakini ina kasoro ambayo yeyote aliyewahi kuuza taarifa anaijua. Ukimwambia dereva kwamba kuna nafasi ghorofa ya tatu kwenye jengo la pale kona, umemsaidia, naye anakwenda kumlipa mwenye jengo. Fedha inabaki getini. Ukitazama kazi aliyoifuata Israel baada ya hapo, utaona mtu aliyeamua kwamba safari hii atasimama palepale getini.

Geti lenyewe liko hivi. Dereva anaingia kwenye jengo la maegesho linaloendeshwa na Metropolis kwa mara ya kwanza. Hakuna mashine inayotema tiketi wala kibanda chenye mtu ndani. Kuna kamera juu ya njia, na ukutani kuna bango lenye msimbo wa QR. Anaupiga picha kwa simu, anaandika namba yake ya simu, namba ya gari na namba za kadi ya benki. Dakika mbili hivi, amemaliza. Akitoka, kamera inaisoma tena namba ya gari, mfumo unapiga hesabu ya muda aliokaa, kadi inakatwa, na meseji ya risiti inaingia kabla hajafika kwenye taa za barabarani. Siku atakapoegesha kwenye jengo jingine la kampuni hiyo, hata kama ni mji mwingine, hatagusa simu kabisa. Anaingia, anatoka, deni limejilipa.

Kusoma namba ya gari kwa kamera ni kazi ya zamani. Polisi wa Uingereza wamekuwa wakiifanya kwa miongo kadhaa. Kazi ngumu ni kuisoma bila kukosea, usiku, mvua ikinyesha, kibao kikiwa na tope au kimefunikwa nusu na kifaa cha kubebea baiskeli. Ndiyo maana mifumo hii hulitazama gari zima, rangi yake, aina yake na umbo lake, ili herufi moja ikififia gari bado litambulike. Kosa la asilimia ndogo kwenye maeneo 4,000 maana yake ni maelfu ya watu wanaodaiwa hela ambayo si yao. Tutalirudia hilo.

Los Angeles ni mahali pafaapo kwa wazo kama hili kuzaliwa. Katika jiji hilo, chuo kikuu cha UCLA kilikuwa na profesa aliyetumia maisha yake kuisoma biashara hii ambayo wasomi wenzake waliiona duni. Donald Shoup, aliyefariki Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 86, alichapisha mwaka 2005 kitabu kinene kuhusu gharama ya maegesho ya bure, na kikawabadilisha wapangaji miji wengi. Aliwahi kupima kamtaa kamoja ka biashara, Westwood Village, penye barabara zisizozidi vitalu 15. Akakuta kwamba magari yanayozunguka kutafuta pa kuegesha hapo yalikuwa yakitembea zaidi ya kilomita milioni 1.5 za ziada kwa mwaka. Alipojumlisha tafiti zilizofanyika katika miji mbalimbali tangu mwaka 1927, wastani wa kuzunguka ulikuwa dakika 8 kwa gari moja. Mkazi wa Posta au Kariakoo, Dar es Salaam, atacheka na kusema dakika 8 ni siku ya bahati.

Hoja ya Shoup ilikuwa rahisi: nafasi ya gari ina bei, na usipoilipa kwa fedha utailipa kwa mafuta na muda. Hata mita ya kwanza ya maegesho ilizaliwa kutokana na ugomvi huohuo. Carl Magee, mhariri wa gazeti wa Oklahoma City, aliona wafanyakazi wa madukani wanaacha magari yao mbele ya maduka kutwa nzima, wateja wanakosa pa kusimama. Julai 1935 mashine yake ikawekwa mtaani, senti 5 kwa saa. Watu walikasirika, kisha wakazoea. Tangu hapo hadi miaka ya 2000, teknolojia ya maegesho haikusogea sana: sarafu, tiketi, mtu kibandani, boriti inayopanda na kushuka.

Kisha simu za kisasa zikaja, na kila kijana wa California akaona fursa. Wengi waliungua.

Mwaka 2014 San Francisco ilipata programu iitwayo MonkeyParking. Dereva aliyeegesha barabarani na anakaribia kuondoka alitangaza nafasi yake, wenzake wakashindana kwa bei, naye akamwachia aliyetoa zaidi. Mwanasheria wa jiji, Dennis Herrera, hakuchelewa. Aliwaandikia barua kwamba barabara ni mali ya umma, hakuna mwenye haki ya kuipiga mnada, na atakayeendelea atatozwa faini. Programu ikaondoka mjini. Binafsi naona Herrera alikuwa sahihi kabisa. Kuuza kiti ambacho si chako, eti kwa sababu umekikalia, hakugeuki kuwa ubunifu kwa kuwekwa kwenye simu.

Luxe, nayo ya San Francisco, ilikuja na raha zaidi. Unaiambia simu unakokwenda, ukifika unamkuta kijana mwenye koti la buluu anakusubiri, anachukua gari na kwenda kuliegesha. Wateja waliipenda mno, na wawekezaji wakamwaga mamilioni ya dola. Tatizo lilikuwa hesabu: kijana anataka mshahara, mwenye maegesho anataka kodi yake, na mteja anataka bei ya chini kuliko vyote hivyo vikijumlishwa. Mwaka 2017 huduma ikafungwa, na mabaki yake yakanunuliwa na Volvo, watengenezaji wa magari.

ParkJockey ya Miami ilikuwa ya kwanza kuigundua njia ambayo Metropolis iliipita baadaye. Ilianza mwaka 2013 kama programu ya kutafuta maegesho. Mwishoni mwa 2018, ikiwa na fedha za SoftBank ya Japani, ikazinunua kampuni kongwe zinazoendesha maegesho, Impark na Citizens Parking, na ghafla ikawa na maelfu ya maeneo mkononi. Hapo ikapoteza dira. Ilijiita REEF, ikaanza kuweka majiko ya kwenye trela katika maeneo ya magari ili kupika vyakula vya kupelekwa majumbani, na mwaka 2021 ikatangaza pamoja na migahawa ya Wendy's mpango wa majiko 700. Mpango huo haukufika popote karibu na idadi hiyo. Kampuni ilikuwa imeshika ardhi yenye thamani, kisha ikaenda kuhangaika na vibali vya afya na mikaango.

Metropolis ilijitokeza hadharani Februari 2021, ikiwa na dola milioni 41 za wawekezaji wakiongozwa na 3L Capital. Mwaka uliofuata ikapata milioni 167 zaidi, na ikainunua Premier Parking ya Nashville. Hiyo Premier ndiyo ilikuwa jaribio. Kama kamera na programu zingeweza kuingizwa kwenye kampuni ya kawaida ya maegesho, mapato yakaongezeka na gharama za vibandani zikapungua, basi hesabu ingefanya kazi kwa kampuni kubwa zaidi. Wawekezaji waliamini. Fedha za kuinunua SP Plus zilikuwa dola bilioni 1.7 kwa jumla: bilioni 1.05 za hisa, zikiongozwa na Eldridge na 3L Capital, na milioni 650 za mkopo.

Sababu ya kununua badala ya kuuza programu iko kwenye asili ya biashara yenyewe. Mwenye jengo hanunui teknolojia ya maegesho kama anavyonunua kompyuta. Ana mkataba na mwendeshaji, mkataba wa miaka, na mwendeshaji ndiye mwenye wafanyakazi, bima, mashine na uhusiano naye. Ukimwendea na kamera zako, atakwambia zungumza na mwendeshaji. Ukimwendea mwendeshaji, atakuona unakuja kumpunguzia kazi. Ukimshawishi mmoja mmoja, jengo kwa jengo, utazeeka kabla hujafika majengo 4,000. Ukimnunua mwendeshaji, mikataba yote inakuja kwa siku moja.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri yote ya ukuaji wa kampuni hii, na si kwenye akili mnemba inayotajwa katika kila taarifa yake kwa vyombo vya habari. Kamera zinauzwa na wengi. Haki ya kuzifunga juu ya geti la watu ndiyo adimu.

Njia hiyo ina gharama zake, na kubwa ni deni. Kampuni changa ya programu ikiyumba inawaudhi wawekezaji wake tu. Kampuni yenye mkopo wa mamia ya mamilioni lazima ilipe riba, majengo yakijaa au yakiwa matupu, wafanyakazi wa ofisini wakirudi kazini au wakibaki nyumbani. Shinikizo la kukusanya kila senti linashuka mpaka getini.

Na huko getini malalamiko yalianza. Dereva asiyeliona bango, au aliyeingia akageuza na kutoka kwa sababu hakupata nafasi, au ambaye simu yake ilizima chaji, mfumo unamwona kama aliyekwepa kulipa. Baada ya siku kadhaa barua ya adhabu inafika nyumbani, ikiwa imeandikwa kwa sura inayofanana na ya serikali ilhali imetoka kwa kampuni binafsi. Zamani ungebishana na mtu wa kibandani, naye angekutazama, angeona watoto kiti cha nyuma, angeinua boriti. Kamera haijali kilichopo kiti cha nyuma. Katika jimbo la Tennessee, ambako Metropolis ina maeneo mengi jijini Nashville, malalamiko yalifika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na mwaka 2025 yakaishia kwenye makubaliano yaliyoigharimu kampuni mamilioni ya dola.

Wasiwasi mwingine ni sura za watu. Mapema mwaka 2025 Metropolis iliinunua Oosto, kampuni ya utambuzi wa nyuso yenye asili ya Israeli, ambayo zamani ilijulikana kama AnyVision na ambayo Microsoft ilijitoa katika uwekezaji wake mwaka 2020. Kutoka kutambua gari hadi kumtambua aliye ndani ya gari ni hatua fupi. Alex Israel anazungumza waziwazi kuhusu siku ambazo mtu ataingia hotelini, kwenye kituo cha mafuta au kwenye dirisha la kununulia chakula akiwa ndani ya gari, naye atatambuliwa na kulipishwa bila kutoa kadi. Novemba 2025 wawekezaji na wakopeshaji waliipa kampuni dola bilioni 1.6 nyingine, na thamani yake ikapigwa kuwa bilioni 5. Kwa kampuni ya maegesho, hizo ni fedha za kutisha. Ni wazi kwamba wanaozitoa hawalipii maegesho peke yake.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atauliza hili linamhusu nini. Linamhusu kuliko anavyodhani.

Kwetu maegesho mengi ya kulipia yako barabarani, na barabara ni ya umma. Tanzania, ushuru wa maegesho ya barabarani umekuwa mikononi mwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, na mfumo wa kielektroniki ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2021, kazi iligeuka kuwa ya mtoza ushuru mwenye mashine ndogo mkononi. Anapita kati ya magari, anainama mbele ya kibao, anaingiza namba, anasonga kwa gari linalofuata. Mwenye gari hana habari. Anakuja kujua siku anapoingiza namba ya gari kwenye mfumo na kukuta deni lenye namba yake ya kumbukumbu ya malipo. Malalamiko yaliyofuata, kwamba fulani hakuwa mjini siku hiyo au gari lilikuwa gereji, yanafanana sana na yale ya Nashville, ingawa kule jicho ni la kamera na huku ni la binadamu anayechomwa na jua.

Nairobi ilitangulia. Mwishoni mwa 2013, enzi za gavana Evans Kidero, ada ya kuegesha katikati ya jiji ilipandishwa kutoka shilingi 140 hadi 300, na mwaka 2014 malipo yakahamia kwenye mfumo wa kidijitali wa JamboPay, kampuni ya Kenya. Mkataba huo ulimalizika mwaka 2019, na tangu hapo mfumo wa malipo wa jiji umebadilishwa zaidi ya mara moja. Vijana wa mtaani wanaokuonyesha nafasi, wanaokupigia mkono na kukwambia kata kona, songa, hapo hapo, wamebaki palepale. Wao wanajua nafasi iliyo wazi kabla ya programu yoyote.

Tofauti kati ya JamboPay na Metropolis inaeleza kwa nini kampuni zetu za sekta hii hazikui kwa namna ileile. Metropolis ilikuta ardhi ya watu binafsi na waendeshaji wanaonunulika. Kampuni ya Nairobi au Dar inakuta mteja mmoja mkubwa, ambaye ni serikali, na zabuni yenye mwisho. Hakuna anayeweza kuinunua TARURA wala kaunti. Uongozi ukibadilika au mkataba ukiisha, kampuni inaanza upya. Kijana mwenye wazo la programu ya maegesho angekuwa na hekima kuanzia kwenye maduka makubwa, hospitali binafsi, kumbi za harusi na viwanja vya makanisa na misikiti vinavyokaa vitupu siku za kazi, ambako mwenye mali ni mmoja na anaweza kusaini.

Kwa upande wa umma, mfano wa kutisha zaidi unatoka palepale ilipozaliwa SP Plus. Mwaka 2008 jiji la Chicago lilikodisha mita zake za maegesho kwa wawekezaji wakiongozwa na Morgan Stanley, kwa miaka 75, likapokea dola bilioni 1.15 mkupuo. Mwaka uliofuata mkaguzi wa jiji alisema mali hiyo iliuzwa pungufu kwa karibu dola bilioni moja. Leo jiji likitaka kufunga barabara kwa ajili ya tamasha au kuondoa nafasi za magari ili lipitishe njia ya baiskeli, linapaswa kumfidia mwekezaji. Madiwani waliupitisha mkataba ule ndani ya siku chache.

Sheria za kumlinda mwananchi tunazo. Kenya ilipitisha ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Namba ya gari, saa uliyofika na saa uliyoondoka, kila siku, kwa miaka, ni taarifa zinazoweza kumwelezea mtu kuliko anavyojieleza mwenyewe. Kamera za geti zinaongezeka katika miji yetu, na kampuni za kuziuza zitakuja na mawasilisho ya kuvutia. Diwani anayeletewa mkataba wa namna hii aanze kusoma kifungu cha muda wa mkataba na kile kinachosema kumbukumbu za magari ni za nani mkataba ukiisha, na kama vifungu hivyo havimo, asisaini.